Chevening, DAAD au Erasmus Mundus? Anza na mwaka ulioandikwa kwenye cheti chako

Agosti ikiingia, simu yangu huanza kuita. Ni wadogo zetu waliomaliza chuo wakarudi kukaa nyumbani, watumishi wa halmashauri, wauguzi, walimu wa sekondari. Swali lao ni lile lile, kuhusu ufadhili wa kwenda kusoma uzamili Ulaya: "Kaka, kati ya Chevening, DAAD na Erasmus Mundus, ipi inalipa vizuri?" Nami huwajibu kwa swali: cheti chako cha shahada kimeandikwa mwaka gani?

Wengine hudhani nawazungusha. Mwaka 2024 dada mmoja, mhandisi wa maji anayefanya kazi Dodoma, aliniletea bahasha nene. Alikuwa ametumia miezi miwili kuandaa maombi ya DAAD: CV ya mtindo wa Ulaya, barua ya kueleza nia yake, transkripti iliyogongwa muhuri, na barua ya mwajiri iliyolala masjala wiki tatu nzima ikisubiri saini. Kila kitu kilikuwa safi. Tatizo lilikuwa kwenye karatasi ya chini kabisa, cheti cha chuo: 2017. DAAD, kupitia mpango wake wa EPOS unaogharamia kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, hutaka shahada ya mwisho isiwe imezidi miaka sita wakati wa kuomba. Ya kwake ilikuwa na saba.

Sharti hilo halikufichwa, limeandikwa wazi kabisa. Ila dada yetu alianza kusoma kwenye mstari wa posho, kama tunavyofanya wengi.

Kila ufadhili una saa yake

Erasmus Mundus, ambao ni mpango wa Umoja wa Ulaya tangu 2004, humpokea hata mtu aliye mwaka wa mwisho chuoni, mradi awe ameshapata shahada kabla masomo hayajaanza. Kwa programu nyingi uzoefu wa kazi ni wa kuongeza alama tu. Kijana aliyehitimu Novemba iliyopita, hana ajira, ana GPA (wastani wa alama za chuo) nzuri na tasnifu aliyoiandika mwenyewe kwa jasho lake, huu ndio mlango wake. Akisubiri "apate kwanza uzoefu" kama anavyoshauriwa na wajomba, anaacha chakula mezani. Aliyehitimu zamani naye hafungiwi mlango, ila ajue kwamba anashindana na watu ambao hesabu na nadharia bado ziko vidoleni.

DAAD ni shirika la Kijerumani lililoanzishwa 1925, lina miradi mingi kuliko watu wanavyodhani, na hapa nazungumzia EPOS kwa sababu ndiyo inayowagusa wengi wa kwetu. Dirisha lake hufunguka ukishafanya kazi miaka miwili baada ya shahada, kazi inayohusiana na kozi unayoitaka, kisha hufungwa mwaka wa sita. Piga hesabu: una takribani miaka minne tu ya kuomba katika maisha yako yote. Ukizaa, ukijenga, ukiuguliwa na mzazi, dirisha halikungoji. Aidha, ukiwa umeshaishi Ujerumani zaidi ya miezi 15 wakati wa kuomba, hufai.

Chevening ni ya serikali ya Uingereza, ilianza 1983, na jina lake limetokana na jumba moja la kifahari kule Kent. Yenyewe hutaka uwe na shahada mkononi na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na miaka hiyo huihesabu kwa saa: 2,800. Ni sawa na saa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, mara mbili. Kwa kuwa ni saa, kazi ya muda na ya kujitolea nazo huweza kuingia kwenye hesabu, jambo ambalo limewasaidia wengi waliozunguka kwenye mashirika bila mkataba wa kueleweka. Cheti kuwa kikongwe si hoja kwao, wala umri. Mtu wa miaka 45 aliyehitimu 2005 ana haki ya kuomba kama kijana wa miaka 26.

Kwa hiyo mwenye miezi sita tangu ahitimu halinganishi chochote, ana mlango mmoja. Mwenye miaka minane kazini ana miwili. Yule wa katikati, mwenye kama miaka mitatu au minne kazini, ndiye tu mwenye milango yote mitatu mbele yake, na ndiye ninayemwandikia yaliyobaki.

Suala la uraia lisisahaulike. Erasmus Mundus hupokea watu wa nchi yoyote duniani, kwa hiyo ndugu zetu wa Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura wamo. Chevening na DAAD kila moja ina orodha ya nchi zake, na orodha hiyo isomwe ya mwaka huo huo. Kuna pia ufadhili wa Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola, ambao kimsingi hutaka daraja la pili la juu na hali ya kutoweza kujilipia. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanahusika, kwa kuwa Rwanda ilijiunga na jumuiya hiyo 2009. Mkongo na Mrundi hawahusiki, na hakuna barua ya maelezo itakayobadilisha hilo.

GPA yako wanaisomaje

Hapa watu hukata tamaa bila sababu, au hujipa matumaini bila sababu. Kwa vyuo vyetu vya Tanzania vinavyotumia GPA ya hadi 5.0, daraja la pili la juu huanzia 3.5 hadi 4.3. Kenya, wanaotumia asilimia, daraja hilo ni 60 hadi 69. Vyuo vingi vya Uingereza huanzia hapo kwa uzamili, na Chevening yenyewe inafuata chuo: chuo kikikukubali bila masharti, umevuka. Ndiyo maana nimeona mtu mwenye daraja la pili la chini akifika mbali na Chevening, kwa sababu alitafuta kozi zinazothamini kazi yake ya miaka kumi kuliko alama za ujana.

Wajerumani mambo yao ni ya kanuni. Kwao alama bora ni 1.0 na ya chini ya kufaulu ni 4.0, kwa hiyo GPA yako huigeuza. Chukua alama ya juu kabisa ya chuo chako, yaani 5.0, utoe ya kwako. Jibu ligawe kwa tofauti ya 5.0 na alama ya chini ya kufaulu, ambayo ni 2.0. Zidisha kwa 3, ongeza 1. Mwenye 3.8 anapata 2.2. Mwenye 3.5 anapata 2.5 kamili. Mwenye 3.0 anapata 3.0. Sasa, kozi nyingi za Ujerumani huweka mpaka kwenye 2.5, na utaona kwamba mpaka huo unaangukia palepale daraja letu la pili la juu linapoanzia. Fanya hesabu hiyo leo, kwa kikokotoo cha simu, kabla hujaandika mstari hata mmoja wa barua.

Erasmus Mundus haina mpaka mmoja. Kila programu huendeshwa na muungano wa vyuo, nao hujitungia jedwali lao la alama: GPA kiasi gani, barua kiasi gani, Kiingereza kiasi gani. Mara nyingi jedwali hilo huwekwa wazi kwenye tovuti ya programu. Lisome kama unavyosoma maswali ya mtihani yaliyovuja.

Kuhusu Kiingereza, baadhi ya vyuo hukubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, vingine havitaki kusikia, vinataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Uliza kwa barua pepe kabla ya kulipia mtihani. Waliosoma kwa Kifaransa wajiandae tu kuufanya.

Fedha, hilo swali la kwanza

Chevening hulipa ada moja kwa moja chuoni (MBA, yaani uzamili wa biashara, ina kikomo, ziada ni yako), tiketi ya kwenda na kurudi, viza, na posho ya kila mwezi ambayo ni kubwa zaidi kwa anayeishi London. Ni mwaka mmoja. Hakuna mizunguko mingi, unafika Septemba, unasoma kama unafukuzwa, unarudi.

DAAD, wakati ninaandika haya, humpa mwenye shahada ya kwanza euro 992 kwa mwezi. Watu huona kiasi hicho ni kidogo wakikilinganisha na 1,400 za Erasmus. Lakini angalia namba yenyewe. Mwanafunzi anayejilipia akienda ubalozini kuomba viza ya Ujerumani ametakiwa kuonyesha euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, yaani ya kutoa fedha kidogo kidogo kila mwezi. Gawanya kwa miezi 12, unapata 992. Yaani ndicho kiasi ambacho serikali yao wenyewe inasema mwanafunzi anaweza kuishi nacho. Juu yake DAAD hulipa bima ya afya, hutoa fedha za safari, na kwa kawaida hukupeleka kusoma Kijerumani kwa miezi kadhaa kabla ya kozi. Nayo barua ya DAAD inatosha ubalozini, huhitaji akaunti ya aina hiyo.

Erasmus Mundus ni euro 1,400 kwa mwezi, isiyozidi miezi 24, na ada pamoja na bima vinashughulikiwa na programu. Jumla ni 33,600 kwa aliyepata miaka miwili kamili. Kwa miezi ile ile DAAD ingekuwa 23,808. Tofauti ni karibu elfu kumi, na ndiyo inayotajwa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kisichotajwa ni kwamba ndani ya 1,400 hizo ndimo inamotoka tiketi yako ya ndege, viza, na gharama ya kuhama. Na kuhama ndio moyo wa Erasmus Mundus, kwa sababu lazima usome katika nchi zisizopungua mbili. Tuseme muhula wa kwanza uko Delft, wa pili Dresden, wa tatu Barcelona. Kila unapofika unatafuta chumba, unaweka dhamana ya kodi ya mwezi au miwili huku ile ya mji wa nyuma haijarudishwa, unaomba kibali cha ukaazi upya. Tena mara nyingi posho ya kwanza huingia ukishafika na kufungua akaunti, maana yake tiketi ya kuondokea Dar au Nairobi unaitafuta mwenyewe. Nimewaona watu wakichangiwa na ukoo mzima kama harusi. Si kasoro ya kukufanya uache, ila ujue mapema, usije ukashangaa Agosti na barua ya ushindi mkononi huna nauli.

Posho ya Erasmus haibadiliki kwa mji. Kwenye mji mdogo wa Ureno unaishi kama bosi na unatuma nyumbani. Kwenye Copenhagen au Paris unapika ugali kila siku na unajua bei ya unga wa duka la Waafrika kwa kichwa.

Jambo jingine la Erasmus: kukubaliwa kwenye programu si kupata ufadhili. Barua huweza kusema umepata nafasi ya kujilipia, na ada yake ni maelfu ya euro. Usimwage soda. Ila ikisema uko kwenye orodha ya akiba, tulia. Kwa kuwa mtu mmoja huruhusiwa kuomba programu nyingi, wenye bahati hupata mbili au tatu na kuziachia zilizobaki, na orodha ya akiba husogea hadi katikati ya mwaka.

Mwenye mke, mume na watoto

Hapa sizunguki: DAAD. Kwa masharti yake, na kwa kozi inayozidi miezi sita, huweza kuongeza posho ya familia na mchango wa kodi ya nyumba. Chevening haikulipii familia hata senti. Erasmus vivyo hivyo, na jaribu kufikiria kuhamisha mtoto wa darasa la pili kutoka Slovenia kwenda Hispania katikati ya mwaka. Kwa mama mwenye mtoto mdogo anayeweza kumwachia bibi, mwaka mmoja wa Chevening unabebeka kuliko miwili ya Erasmus, na wapo waliochagua hivyo wakijua wanaacha fedha nyingi zaidi.

Kazi ya kuomba

Hapa ndipo ningependa watu watumie muda wao. Barua moja haiendi kote.

Chevening huuliza kuhusu uongozi, kuhusu namna unavyojenga na kutumia mahusiano ya kikazi, kwa nini kozi hizo, na utafanya nini baadaye. Insha nyingi ninazosomeshwa huanza: "Nilikuwa CR wa darasa, baadaye waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi." Sawa, kisha? Vyeo havisomeki. Muuguzi mmoja aliandika jinsi alivyobadilisha zamu za usiku wodini kwake ili dawa za saa kumi alfajiri zisirukwe, akaeleza nani alipinga na alimshawishi vipi. Hakuwa na cheo chochote. Aliitwa kwenye usaili. Wasailiwa hukutana na jopo kwenye ubalozi, kwa kawaida kati ya Februari na Aprili, na humo huulizwa mambo yale yale uliyoandika, kwa hiyo anayeandikiwa insha na mtu mwingine huumbuka mchana kweupe. Huku nyuma unaomba vyuo mwenyewe kwa kozi tatu ulizozitaja, na kabla ya muda wao wa mwisho lazima moja iwe imekukubali bila masharti. Kwa Mtanzania na Mkenya ongeza kipimo cha kifua kikuu kwa ajili ya viza.

DAAD haipokei maombi ya EPOS makao makuu. Unaomba kwenye kozi yenyewe, zisizozidi tatu, ukizipanga kwa unavyozipenda, na kila kozi ina tarehe yake. Hapo watu hupoteza bahati kwa kungoja "tarehe ya DAAD" ambayo haipo. Barua yao haitaki hadithi ya maisha. Inataka kuona tatizo kwenye meza yako ya kazi na somo ndani ya kozi linalogusa tatizo hilo. Afisa mipango miji wa Morogoro akiomba SPRING ya Dortmund ana kazi nyepesi, kwa sababu kozi hiyo ni ya mipango ya maeneo yanayokua na hata ina ushirikiano na Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam. Mhasibu akiomba nishati jadidifu ya Oldenburg kwa kuwa "nishati ni muhimu kwa taifa" anajichosha. Barua ya mwajiri nayo ianzishwe mapema, na ikiwezekana iseme atakupokea ukirudi. Unaijua ofisi yako, hesabu siku.

Erasmus Mundus iko katikati ya hizo mbili, ikiegemea upande wa darasani. Barua nzuri hueleza kwa nini njia ile, mji kwa mji. Anayeomba uandishi wa habari unaoanzia Aarhus aseme anakwenda kutafuta nini kwenye chuo cha mwaka wa pili, siyo tu kwamba Ulaya ina vyombo vya habari huru. Nyingi hufunga kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo aliyekosa muda wa Chevening mwezi Oktoba bado ana pumzi.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayouza fomu yake. Anayekutoza "elfu hamsini ya usajili" anajitoza mwenyewe.

Ukimaliza

Chevening hukubana urudi nchini kwako kwa miaka miwili. Mwenye ajira ya serikali na ruhusa ya masomo hilo halimwumizi, tena linaendana na masharti ya mwajiri wake. Mwenye ndoto ya kubaki asiombe kwa kujidanganya. DAAD hulenga watu watakaorudi kazini, na barua yako itapimwa kwa jicho hilo, ingawa sheria ya Ujerumani humpa mhitimu miezi 18 ya kutafuta kazi. Erasmus Mundus haikuulizi kitu, na wengi wanaotaka kuendelea na udaktari wa falsafa huko huko hupita njia hiyo, wakiwa na maprofesa wa vyuo vitatu wanaowafahamu kwa jina.

Kama ungekuwa na miaka mitatu kazini, huna familia na unapenda utafiti, ningekuambia Erasmus Mundus programu tano, na DAAD mbili pembeni. Ukiwa na familia, DAAD kwanza, na uombe mwaka huu, siyo ujao. Ukiwa na kiti unachokipenda nyumbani na unataka tu kurudi ukiwa na sauti kubwa zaidi, Chevening.

Yule mhandisi wa Dodoma alilia kidogo, akanywa chai, akaondoka na bahasha yake. Wiki iliyofuata alinitumia hesabu ya saa zake za kazi: 9,800, zaidi ya mara tatu ya zinazotakiwa na Chevening. Insha ya kwanza ni kuhusu kisima kimoja cha kijiji na kamati iliyokuwa imegoma kuchangia dizeli. Ni nzuri. Alichobaki akisubiri ni jibu la mdhamini wa pili wa kumwandikia barua ya mapendekezo, mwalimu wake wa chuo, ambaye ana desturi ya kusoma barua pepe siku za Ijumaa tu.